Hodi, Chumba cha Chupa

Mwalimu wetu wa patholojia hakumruhusu mtu yeyote kuingia chumba cha chupa bila kupiga hodi. Chumba chenyewe kiko ghorofa ya chini ya jengo letu la sayansi, nyuma ya mlango wa kijani. Kina rafu mpaka karibu na dari, na juu ya rafu zimepangwa chupa kubwa za kioo zenye viungo vya watu waliokufa zamani: mapafu, ini, figo, moyo, vipande vya utumbo, vyote vimehifadhiwa ndani ya dawa ili sisi tujifunze. Hakuna anayeishi humo na hakuna wa kuitikia. Hata hivyo unasimama mlangoni, unapiga hodi ya kusikika, unangoja kidogo kama ungemngoja jirani ajifunge khanga, ndipo unaingia. Ukijitia kusahau ukaingia kimyakimya, anakurudisha nje uanze upya. Nimemwona kwa macho yangu akimrudisha mkuu wa idara, na mkuu wa idara akatii.

Muhula huu walitaka kumtoa katika chumba kile. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka na chupa ni nzito, basi mkuu wa idara akaniita mimi, niliyekuwa mwanafunzi wa mwalimu huyo na sasa ni msaidizi wa mafunzo ya vitendo, akaniomba nikipokee kipindi chake cha Alhamisi. Alisema ni kwa muda tu. Mimi si mtoto, najua "kwa muda" ya ofisini huwa na maana gani. Sikumjibu ndiyo wala hapana, nikamwambia kwanza nitakwenda kumwona mwenyewe. Lakini kabla sijafika huko, acha niseme ni mtu wa namna gani, maana asiyemjua hataelewa kwa nini siku ile kwenda kwake kuliniwia vigumu.

Yeye ni Mkenya, na amekaa Durban, Afrika Kusini, miaka mingi kuliko umri wa wanafunzi wake wengi. Darasani hufundisha kwa Kiingereza kama walimu wote, na mengi nitakayoyaandika hapa aliyasema kwa lugha hiyo. Jumamosi asubuhi, hata hivyo, alitukusanya sisi tunaojua Kiswahili, Watanzania, Wakenya na Wakongomani, tukarudia somo zima la wiki kwa lugha ya nyumbani. Hakulipwa kwa kazi hiyo. Alikuwa akisema mtu asiyeweza kumweleza mama yake kazi ya figo bado hajaijua, amekariri tu.

Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Siku ya kwanza alizunguka darasa akiuliza kila mtu kwao ni wapi, na tangu siku hiyo mimi ni Tanga. Kijana Mkongomani aliyekaa kando yangu, anayeishi Albert Park na shangazi yake, akawa Bukavu. Walikuwapo wawili wa Umlazi, kitongoji cha hapa hapa Durban, akawatofautisha kwa urefu, na mfupi alinuna wiki nzima. Mkenya mmoja alijitutumua akasema yeye ni wa Nairobi.

"Nairobi ni kazini," alimwambia. "Nimekuuliza kwenu."

"Kisii, mwalimu."

"Eeh, sasa tumejuana. Kisii, keti."

Tulidhani ni utani wa mtu mzima asiyekumbuka majina. Baadaye alitueleza kwamba mgonjwa atatufikia akiwa namba kwenye karatasi, na kazi yetu ya kwanza ni kujua anatoka wapi, kwa sababu huko ndiko kunakoeleza anakula nini, anakunywa maji gani na anavuta moshi gani. Alitaka tuzoee kuuliza mapema, tukiwa bado hatuna mgonjwa wa kumkosea.

Hodi nayo kila mtu alipiga ya kwao. Wazulu walisema "nqo nqo!", na hawakuona ajabu, kwa sababu hata kwao mtu hupiga hodi kwa mdomo. Bukavu alisema "kokoko!" kwa sauti ya kuamsha mtaa. Sisi wa pwani tulisema hodi, tukaivuta mwisho. Tukiwa wengi mlangoni ilikuwa kelele tupu, na wanafunzi wa kemia waliopita ukumbini walitucheka. Halafu tunanyamaza, tunangoja, hakuna anayejibu, tunaingia.

Jina la "chumba cha chupa" ni sisi wa Jumamosi tuliolitunga, na lilimponza Bukavu. Shangazi yake alimsikia kwenye simu akisema anakwenda chumba cha chupa na mwalimu wake, akaamini ni kilabu cha pombe. Alimkalia kikao cha familia, wajomba wakaja na suti zao, mpaka kijana akalazimika kuonyesha daftari lenye picha ya bandama. Mwalimu alipokisikia kisa hicho alicheka mpaka akatoa miwani, akafuta machozi. Nakikumbuka kicheko kile kwa sababu enzi hizo uso wake ulicheka upesi.

Ndani ya chumba kulikuwa na sheria ya pili, nayo ilikuwa ngumu kuliko hodi. Ukipewa chupa, hutaji ugonjwa. Kwanza unasema unachokiona, na unaanza na mtu. Husemi "ini lililosinyaa," unasema "naona ini la mtu." Baada ya hapo ndipo unataja ukubwa, rangi, uso wake ni laini au una vinundu, kingo zake zikoje. Jina la ugonjwa linakuja mwisho kabisa, kama mgeni rasmi, na mara nyingine haliji kabisa kwa sababu kipindi kimekwisha.

Mimi sheria hiyo ilinitoa jasho. Nilitoka sekondari nikiwa hodari wa kunyoosha mkono, na nilijua majina ya magonjwa kuliko nilivyojua majina ya binamu zangu. Katika mtihani wa kwanza wa vitendo niliwekewa ini dogo, gumu, lenye vinundu kila mahali. Sikungoja. Nilisema, "Ini la mlevi."

Alivua miwani. "Wewe Tanga, huyu mtu mlikutana bar?"

"Hapana, mwalimu."

"Ulimwona akinywa?"

"Hapana."

"Basi nani amekwambia ni mlevi? Ini likipigwa na virusi miaka na miaka linakuwa hivi hivi. Kuna mtoto amezaliwa na virusi hivyo, hajawahi kuonja hata togwa, na ini lake likawa hivi. Umemtukana marehemu mbele ya watu. Mwombe radhi."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nilisimama mbele ya darasa zima nikaliambia ini, "Samahani." Umlazi Mrefu aliuma kola ya koti lake ili asicheke. Nilifeli mtihani ule, nikaurudia muhula uliofuata, na nilimchukia mwalimu yule kwa moyo wangu wote kwa muda wa kutosha. Lakini mara ya pili nilipowekewa chupa yenye pafu, nililitazama mpaka nikaona mambo ambayo hayakuwa kitabuni, na nilipofungua mdomo sauti yangu ilikuwa tofauti. Nilifaulu. Hakunipongeza, alisema tu, "Sasa una macho."

Watu hudhani alipenda patholojia zaidi kwa vile alikuwa na chumba kile. Sivyo. Penzi lake lilikuwa fiziolojia, mwili ukiwa mzima na kila kitu kikiendelea na kazi yake. Alituambia fiziolojia ni nyumba katika siku zake za kawaida, na patholojia ni nyumba hiyo hiyo siku ya msiba. "Utaingiaje msibani," aliuliza, "kwa watu ambao hukujua siku za kawaida waliishije? Utajuaje nani hayupo?" Kwa hiyo alitulazimisha kukaa na mwili mzima muda mrefu. Tulishikana mishipa ya mikono, tukasikiliza vifua vya wenzetu, tukanywa maji na kungoja haja ndogo, yote tukiandika.

Siku moja alitupandisha ngazi za jengo lote kwa haraka, kila mmoja ashike mapigo ya mwenzake atakapofika juu. Tulifika ndimi nje. Yeye tulimkuta kule juu amesimama na mkoba wake, amepoa, amekuja kwa lifti. Tulipolalamika alisema somo lilikuwa la mioyo yetu, wa kwake anaujua.

Ndivyo alivyokuwa, mwingi wa kusema na mchache wa kufuata. Alituonya juu ya sukari kwa mihadhara ya kutisha, na chai yake ilikuwa na sukari ya kusimamisha kijiko. Alichukia wachelewaji, naye alichelewa mara nyingi kwa sababu hakuweza kumpita mlinzi wa maegesho bila kumuuliza habari za goti lake. Tulipomaliza mitihani alitupeleka Overport, mtaa anaoishi, akatununulia bunny chow, ule mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maharage mwekundu wa mafuta. Alikula wake wote, akafuta bakuli la mkate kwa kidole. Kisii akamuuliza kuhusu mishipa ya moyo.

"Hii ni patholojia ya kesho," alimjibu. "Leo bado iko fiziolojia. Kula."

Katika gari lake dogo alikuwa mwoga. Akiona robot, yaani taa ya barabarani, ya mbali ni ya kijani, alipunguza mwendo ili imgeukie nyekundu akiwa tayari amesimama. Madereva wa taxi walimpigia honi na kumwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika. Aliwapungia mkono, ule ule wa kulia, ambao wakati huo ulikuwa bado umetulia.

Kazi ya Jumamosi iliyonibadilisha zaidi ilikuwa ya simu. Alitutaka kila wiki tupige simu nyumbani na kueleza kiungo kimoja kwa Kiswahili kitupu. Mama yangu ana presha, na alinisikiliza kwa subira ya mtu anayelipia ada.

"Figo linachuja damu, mama, linatoa taka."

"Haya. Na likishachoka?"

"Taka zinabaki mwilini."

"Sasa hii presha yangu inaingiaje humo?"

Nilianza kumweleza, nikajikuta natapatapa, kwa sababu niliyajua maneno yote ya Kiingereza na sikuijua habari yenyewe. Nilimwambia nitampigia kesho yake. Nilikaa na kitabu mchana kutwa mpaka nikaelewa jinsi presha inavyoiumiza mishipa midogo ya figo, na jinsi figo lililoumia linavyoipandisha presha tena, zikazungukana. Nilipomweleza mama, akasema kumbe zile dawa alizokuwa akiziruka siku anazojisikia vizuri hazikuwa za kuruka. Hakuziruka tena. Mwalimu nilipomsimulia, aliitikia kwa kichwa tu na kuniuliza wiki ijayo nitaeleza kiungo gani.

Hakupenda kuhurumiwa, wala hakuwa mwepesi wa kuhurumia, na hilo wengi hawakumsamehe. Bukavu alikuwa akifanya kazi ghala moja la Clairwood, anapakia makontena asubuhi kabla ya mihadhara, na mwaka wa pili mwili ulimshinda. Alisinzia darasani mpaka paji la uso likagonga meza. Jumamosi alikuja akiwa ameshaamua.

"Mwalimu, mi nachoka vraiment. Ntaacha kwanza masomo, mwaka ingine ntarudia. Sasa kazi iko nguvu sana, nashindwa."

Sote tulimwonea huruma, na nilitegemea mwalimu atampa maneno matamu. Alimuuliza, "Bukavu, moyo unapumzika wapi?"

"Moyo? Moyo haipumzikake, mwalimu. Ikipumzika umekufa."

"Umefeli. Unapumzika kati ya pigo na pigo. Kila pigo, unalegea, unajaa damu, halafu unapiga tena. Haupumziki kwa kuacha kazi. Unapumzika ndani ya kazi. Sasa lete ratiba yako tuitazame hayo mapengo yako wapi."

Walikaa wakaitazama. Alimwandikia bosi wa ghala akaomba zamu ya kijana ihamishiwe mwisho wa wiki, akakubaliwa, na Jumamosi yetu sote ikahamia Ijumaa jioni kwa ajili ya mtu mmoja. Bukavu alimaliza shahada. Leo anafanya kazi katika maabara ya hospitali, na ukimtembelea Albert Park shangazi yake atakuambia mwenyewe kazi ya bandama, utake usitake.

Sasa nifike kwenye mkono.

Ulianza polepole. Wanafunzi waliofundishwa na mtu yule kutazama walikuwa wa kwanza kuuona, na wanafunzi wale wale wakafanya kosa ambalo wao tu wangeweza kulifanya: kila mmoja alimpa mwalimu wake ugonjwa kabla ya kusema anachokiona. Kisii alisema ni tezi ya shingo, eti macho yake yametoka. Umlazi Mfupi alisema ni chai. Bukavu, ambaye wakati huo alikuwa mwaka wa mwisho, alisema, "Non, ni uzee tu, babu yangu ilikuwa vile." Halafu kijana mmoja wa mwaka wa chini, simtaji hata mji wake, alisema kwa sauti ya chini pale kantini kwamba mwalimu anakunywa.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Nilimuuliza, "Mlikutana bar?" Hakuelewa. Nilimwambia amwombe radhi, akauliza nani, nikamwambia ajue mwenyewe, nikaondoka na chipsi zangu.

Kwa upande wangu nilikuwa nimeona mengi kuliko wao, maana nilikuwa nikimtazama kwa mapenzi. Lakini kila nilipoanza sentensi moyoni mwangu niliikata katikati. Nilijua nikiimaliza italeta jina, na jina lile sikulitaka karibu naye.

Wiki ya kwanza ya muhula huu alitoa rafuni chupa yenye moyo, moyo mkubwa uliotanuka, anaoupenda kufundishia. Sisi sote tulifunzwa na yeye kubeba chupa kwa mikono miwili kifuani, kama unavyobeba mtoto aliyelala. Aliibeba hivyo hivyo. Alipofika mezani mkono wa kulia ulichelewa kuachia, chupa ikateleza, ikagonga pembe ya meza, ikapasuka ufa na dawa ikaanza kuvuja. Hakuna aliyeumia. Tulifungua madirisha, fundi wa maabara akaja na glavu, akaichukua. Mwalimu aliisindikiza kwa macho mpaka mlangoni na kuiambia, "Pole sana." Kisha akatia mkono mfukoni mwa koti jeupe, akafundisha kipindi kilichobaki bila kuutoa. Siku ya pili yake ndipo mkuu wa idara aliponiita.

Siwezi kumsema vibaya mkuu wa idara. Ni mtu mpole, na aliponieleza alikuwa akiitazama kalamu yake. Alisema mwalimu amefanya kazi kubwa, sasa anastahili kupumzika. Ndiyo nikasema nitakwenda kumwona.

Nilikwenda Jumapili mchana. Nilipanda ngazi za flati yake Overport, nikasimama mlangoni, nikapiga hodi.

"Kuja, mlango uko wazi," alisema kutoka ndani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unanizeesha bure, Tanga. Keti." Na kabla sijakaa akaongeza, "Umetumwa."

"Nimetumwa, mwalimu."

"Amesema nipumzike."

"Amesema kwa muda."

"Mm." Alinyanyuka kutengeneza chai, nami nilijua adabu inanitaka nimpokee birika, lakini kuna kitu katika mabega yake kilichonikataza. Alimimina mwenyewe. Alirudi, akaketi, akauweka mkono mapajani, na niliutazama muda mrefu kuliko ilivyo heshima.

"Sema unachokiona," alisema.

"Mwalimu, mimi nimekuja tu..."

"Miaka yote hii nimewafundisha kusema mbele ya wafu, ambao hawawezi kuwaambia kama mmekosea. Leo unaogopa kusema mbele ya mtu anayeweza kukujibu? Sema. Na uanze vizuri."

"Naona mkono wa mtu. Mtu mzima, mwanamke. Ni mkono wa kulia. Unatetemeka ukiwa umetulia mapajani. Kidole gumba kinasuguana na cha shahada, kama mtu anayefinyanga tonge la ugali. Akinyoosha mkono kushika birika, mtetemeko unapungua. Akiurudisha, unaanza tena."

"Endelea."

"Mkono huo haubembei akitembea. Hatua zake zimefupika. Mwandiko wake ubaoni umekuwa mdogo, unaanza mkubwa na kuishia mdogo. Uso wake..."

"Uso una nini?"

"Uso unachelewa kucheka, mwalimu. Macho yanacheka kwanza, uso unafuata nyuma." Nililia. Nililia kama niko msibani, na yeye aliniacha, akanywa chai yake.

"Umelia lakini umemaliza," alisema. "Sasa taja."

"Ugonjwa wa Parkinson."

"Ndivyo daktari wangu alivyosema, mwaka juzi. Dawa ninakunywa, na ninatembea asubuhi, kwa ngazi, unaweza kucheka. Wewe umechelewa tu."

Nilijifuta uso kwa mtandio. Nilimwambia kesho yake asubuhi nitakwenda kwa mkuu wa idara kumwambia sitaki kipindi chake, amtafute mwingine.

"Usifanye ujinga. Nani atabeba chupa? Mimi siwezi tena, hilo nalijua kuliko yeye. Chupa utabeba wewe. Lakini kwani kufundisha ni kubeba?" Aliegemea mbele. "Tanga, moyo unapumzika wapi?"

"Kati ya pigo na pigo, mwalimu."

"Basi usiniambie mimi habari za kupumzika kwa muda."

Alimpigia mkuu wa idara pale pale, simu juu ya meza, sauti wazi ili nisikie. Alimweleza anachotaka kufanya Alhamisi. Mkuu wa idara alisema, Alhamisi moja tu, atakuja mwenyewe kutazama, na baada ya hapo ataamua.

"Inatosha," alimjibu, akakata simu. Kisha akanigeukia. "Ile chupa iliyopasuka imeacha nafasi wazi mwisho wa rafu. Weka kiti pale mbele yake."

Alhamisi niliwakusanya wanafunzi wa mwaka wa pili ukumbini, mbele ya mlango wa kijani. Niliwaambia somo la leo ni la mtetemeko, na sheria ni zile zile. Bukavu alikuwa ameomba ruhusa kazini akaja, amevaa shati lililopigwa pasi. Mkuu wa idara alisimama nyuma ya wote na mikono yake mgongoni. Nilihisi mapigo ya moyo shingoni mwangu, na sikuhitaji ngazi.

Wakapiga hodi zao. Nqo nqo, hodi, na Bukavu kwa mazoea yake, "Kokoko!" Mkuu wa idara naye alipiga, kwa sauti ndogo. Kisha tukanyamaza na kungoja, kama tunavyongoja siku zote katika mlango ule.

"Karibuni," sauti ilijibu kutoka ndani.

Msichana aliyekuwa mbele alinishika mkono wa koti. Hakuna aliyewahi kukisikia chumba kile kikiitikia. Niliufungua mlango, tukaingia mmoja mmoja. Mwalimu alikuwa ameketi mwisho wa rafu, koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote, mikono yote miwili mapajani, hakuficha hata mmoja. Wa kulia ulikuwa ukifinyanga tonge lake.

"Semeni mnachokiona," alisema. "Jina msinitafutie, ninalo."

Mmoja aliitazama sakafu, mwingine akanitazama mimi, nami niliitazama rafu, kwa sababu halikuwa somo langu. Yule msichana wa mbele, ambaye mwalimu alikuwa amempa jina la Hammarsdale, alisogea hatua moja.

"Naona mkono wa mtu," alianza, kama alivyofundishwa. Alimgeukia mkuu wa idara, akarudi kumtazama aliyeketi kitini, akavuta pumzi.

"Samahani, naanza upya. Naona mwalimu."

Macho ya mwalimu yalicheka. Tuliungoja uso wake ufuate, darasa zima, na hakuna aliyeuharakisha.

"Vizuri," alisema. "Endelea."